Bure si Huria: Programu za Mashine Pepe, Vichakataji na Chaguo la Maabara Zetu

Utangulizi

Mwezi Mei mwaka 2023, waandamanaji walichoma mashine za kuchumia majani chai katika mashamba ya Kericho. Hakuna aliyedai siku hiyo kwamba mashine zile hazikuwa zikifanya kazi. Zilifanya kazi, tena kwa kasi iliyowashinda wachumaji wengi kwa mpigo mmoja. Swali lililowakera watu lilikuwa jingine: chombo hiki ni cha nani, nani anaamua kitumikeje, na siku mwenye chombo akibadili nia, yule aliyekitegemea ataishia wapi?

Swali hilohilo linatukabili sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili mahali ambapo pengine hatukutarajia kukutana nalo, yaani ndani ya maabara ya tarakilishi. Programu tunazotumia kuhifadhi kamusi, rekodi za fasihi simulizi na tasnifu zetu zina wenyewe. Nyingine tumepewa bure, nyingine ni huria, na wengi wetu hatuoni tofauti baina ya hizo mbili mpaka siku mlango unapofungwa.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, yatafafanua mashine pepe ni nini na inafanyaje kazi. Pili, yatatenganisha programu ya bure na programu huria, na kuonyesha kwamba lugha yetu ina hazina ya maneno ambayo Kiingereza hakina. Tatu, yataeleza jinsi kichakataji, ambacho wengi huita prosesa, kilivyoamua kwa miaka mingi ni nani angeweza kutumia programu huria na nani angebaki mlangoni.

Mkasa wa orodha ya maneno

Mwaka 2012 mwandishi wa makala haya alikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya upili, katika vilima vya chai vya Bomet. Mkuu wa idara ya lugha alikuwa amekusanya, kwa muda wa miaka tisa, msamiati wa mashambani: majina ya zana, ya aina za majani, ya kazi za kiwandani, na namna Kiswahili cha wachumaji kilivyochota kutoka Kikipsigis, Kigusii, Kiluo na Kiluhya. Orodha hiyo aliihifadhi katika programu ndogo ya kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya Windows XP.

Alasiri moja mvua ya mawe ilinyesha, kama ilivyo ada katika nyanda hizi, na radi ikapiga. Umeme ulipotea. Uliporudi, tarakilishi ya mwalimu haikuwaka tena. Diski kuu ilinusurika, lakini programu ya kamusi ilikataa katakata kufanya kazi katika tarakilishi nyingine za maabara, ambazo zilikuwa zikitumia mfumo endeshi wa Linux. Aliyeiandika programu hiyo hakuacha msimbo chanzo wala anwani. Mzee wetu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa, mwalimu, maneno yangu yamekufa?"

Hayakuwa yamekufa, ila yalihitaji nyumba. Tuliamua kumjengea Windows XP makazi ndani ya Linux, kwa njia ya mashine pepe. Programu ya kwanza tuliyoijaribu, KVM, ilikataa. Ilikuwa huria na haikuuzwa hata kwa shilingi moja, lakini kichakataji cha tarakilishi zile, Pentium Dual-Core E2160, hakikuwa na uwezo ambao KVM huudai. Ya pili, VirtualBox, ilikubali, na jioni hiyo orodha ya maneno ilifunguka. Kwa nini moja ilikataa na nyingine ikakubali juu ya mashine ileile? Kujibu swali hilo hatuna budi kuanzia mwanzo.

Mwenyeji, mgeni na nyapara

Kwa kawaida tarakilishi moja huendeshwa na mfumo endeshi mmoja. Mfumo huo ndio unaogawa kumbukumbu, unaopanga zamu za kichakataji na unaozungumza na diski, kibodi na kiwambo. Mashine pepe ni mpango wa kuifanya tarakilishi moja ijigeuze kuwa mbili au zaidi, kila moja ikiamini kwamba ina kichakataji chake, kumbukumbu yake na diski yake. Mfumo unaomiliki tarakilishi yenyewe tutauita mwenyeji. Mfumo unaokaribishwa ndani tutauita mgeni. Diski ya mgeni, kwa hakika, ni faili moja kubwa tu ndani ya diski ya mwenyeji. Faili hiyo inaweza kunakiliwa, kubebwa na kufunguliwa katika tarakilishi nyingine.

Baina ya mwenyeji na mgeni pana programu ya tatu inayosimamia. Mashamba ya chai yametupa jina lake tayari. Katika kila gange la wachumaji yupo nyapara, anayepanga nani achume mistari ipi. Mfumo endeshi ni nyapara wa programu za kawaida. Unapoweka mifumo endeshi miwili juu ya kichakataji kimoja, umeweka wanyapara wawili katika shamba moja, na kila mmoja amezoea kuamuru bila kupingwa. Inabidi awepo nyapara mkuu atakayewasimamia wanyapara. Kazi ya programu ya mashine pepe ni hiyo.

Fikra hii si mpya. Kampuni ya IBM iliitumia katika tarakilishi zake kubwa tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wa VM/370 ulioiwezesha mashine moja kuwahudumia watumiaji wengi, kila mmoja akidhani anayo yake. Mwaka 1974, Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo kichakataji lazima kiyatimize ili kiweze kugawika hivyo. Sharti lao kuu twaweza kulieleza kwa wepesi: kila amri inayogusa mamlaka ya mashine nzima, ikitolewa na mdogo, lazima isimamishwe na kupelekwa kwa mkubwa. Nyapara mkuu akiwa na uhakika wa kuarifiwa kila mara mdogo anapovuka mpaka, shamba litatawalika.

Bure, huru na huria

Kabla ya kuendelea na kichakataji, hatuna budi kupambanua maneno. Neno la Kiingereza "free" lina maana mbili zinazogongana, yaani bila malipo na yenye uhuru. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983 na kuanzisha Wakfu wa Programu Huria mwaka 1985, ametumia miaka mingi akiwaeleza wasemaji wa Kiingereza kwamba anamaanisha uhuru na wala si bei. Mswahili hahitaji mahubiri hayo. Serikali ya Kenya ilipofuta karo katika shule za msingi mwaka 2003, tulisema elimu bila malipo au elimu ya bure, na hakuna aliyesema elimu huria. Vilevile hakuna anayeliita soko huria soko la bure, maana sokoni kila kitu kina bei.

Programu ya bure, basi, ni ile usiyoilipia. Mwenyewe anakuruhusu kuitumia kwa masharti yake, na msimbo chanzo wake anabaki nao. Programu huria ni ile inayompa mtumiaji uhuru wa aina nne: kuitumia kwa shughuli yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kuigawa kwa wengine, na kuigawa ikiwa na mabadiliko yake. Ili uhuru wa pili na wa nne uwepo, lazima msimbo chanzo uwe wazi. Programu huria inaweza hata kuuzwa, maana bei si kigezo chake.

Mwezi Februari mwaka 1998 kundi jingine, likitaka kuwavutia wafanyabiashara, lilichagua jina la Kiingereza lenye maana ya chanzo wazi, lililopendekezwa na Christine Peterson. Programu zinazotajwa na makundi hayo mawili ni karibu zilezile. Tofauti yao iko katika hoja: mmoja husema msimbo uwe wazi kwa sababu mtumiaji ana haki, mwingine husema uwe wazi kwa sababu kazi huwa bora. Hapa Kiswahili nacho kina lake la kujibu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinatumia "huria" kwa maana ya kuwa wazi kwa wote. Kwa hiyo neno letu moja linafunika uhuru na uwazi kwa pamoja. Anayetaka kutenganisha kambi mbili hizo atalazimika kusema "programu huru" kwa ile ya kwanza na "programu ya chanzo wazi" kwa ile ya pili. Katika makala haya "huria" itatosha.

Tuchukue mifano ya nyumbani. Mwanafunzi wa fonolojia anayepima mawimbi ya sauti kwa Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, anatumia programu huria. Mwanafunzi wa leksikografia anayechunguza mfuatano wa maneno kwa AntConc ya Laurence Anthony anatumia programu ya bure isiyo huria. Zote mbili ni njema na wote wawili hawalipi. Hata hivyo, wa kwanza ana haki ambayo wa pili hana.

Mkulima wa Litein au Mogogosiek atalielewa jambo hili upesi. Tuseme mnunuzi fulani anawagawia wakulima miche ya chai bila malipo, kwa sharti kwamba hawatachukua vipandikizi na hawatampa jirani. Miche hiyo ni ya bure. Miche ambayo mkulima anaweza kuikata, kuizalisha, kumpa shemeji yake na hata kuiuza ni huria, ijapokuwa huenda aliinunua.

Kichakataji na amri kumi na saba

Turudi sasa kwa nyapara wetu. Tarakilishi nyingi za mezani na vipakatalishi hutumia vichakataji vya jamii ya x86, vinavyotengenezwa hasa na Intel na AMD. Vichakataji hivyo vina ngazi nne za mamlaka, kuanzia sifuri hadi tatu. Mfumo endeshi hukaa ngazi ya sifuri na programu za kawaida hukaa ngazi ya tatu. Ili mgeni akaribishwe, ni lazima ashushwe kutoka ngazi ya sifuri, maana ngazi hiyo sasa ni ya nyapara mkuu.

Tatizo lilizuka hapo. Mwaka 2000, watafiti John Scott Robin na Cynthia Irvine walichapisha uchambuzi wa kichakataji cha Pentium, wakaonyesha kwamba amri 17 zilikiuka sharti la Popek na Goldberg. Amri hizo zinagusa mamlaka ya mashine, lakini zikitolewa na aliyeshushwa cheo hazisimamishwi wala haziripotiwi. Mojawapo inahusu kuruhusu au kuzuia kukatizwa kwa kazi. Mgeni akiitoa kutoka ngazi ya chini, kichakataji hupuuza sehemu hiyo kimyakimya na kuendelea. Ni sawa na nyapara aliyeondolewa kazini bila kuambiwa: anaamuru gange lisimame, gange haliisimamishi kazi, wala hakuna anayemwarifu bosi, naye anaondoka akiamini amri imetekelezwa. Mfumo unaofanya kazi kwa imani za uongo kama hizo huporomoka.

Njia tatu za kuvuka

Njia ya kwanza ilikuwa tafsiri. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ilitoa mwaka 1999 programu iliyosoma msimbo wa mgeni kabla haujatekelezwa, ikazibadilisha amri hatari kwa amri salama zenye matokeo yaleyale. Mgeni hakujua kwamba maneno yake yalikuwa yakitafsiriwa. Ufundi huo ulikuwa mgumu na msimbo wake ulifungwa. Fabrice Bellard wa Ufaransa alitoa QEMU mwaka 2003, programu huria inayotafsiri amri zote, hata za kichakataji cha jamii nyingine. Ilikuwa ya polepole. Kijalizo cha kuiharakisha, kqemu, kilikuwa bure bila kuwa huria mpaka Februari 2007 kilipofunguliwa.

Njia ya pili ilikuwa kumshirikisha mgeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitoa Xen mwaka 2003, programu huria iliyomtaka mgeni abadilishwe ili badala ya kutoa amri zile ngumu, aombe kwa nyapara mkuu moja kwa moja. Kasi yake iliwashangaza wengi, na haikuhitaji kichakataji kipya. Lakini tazama sharti lake: ili umbadilishe mgeni, ni lazima uwe na msimbo chanzo wake. Linux iliwezekana kubadilishwa kwa kuwa ni huria. Windows iliyomo madukani haikuwezekana, kwa kuwa msimbo wake umefungwa. Hapa tunaona kwamba uhuria si suala la siasa tu. Ndio ulioamua ni mgeni yupi angepanda gari na yupi angeachwa kituoni.

Njia ya tatu ilikuwa kukirekebisha kichakataji chenyewe. Intel ilianza kuuza vichakataji vyenye uwezo uitwao VT-x mwezi Novemba 2005, na AMD ikafuata Mei 2006 kwa uwezo wake uitwao AMD-V. Vichakataji hivyo viliongeza hali mpya iliyo juu ya ngazi zote nne. Mgeni anarudi kukaa ngazi yake ya sifuri kwa raha zake, na nyapara mkuu anakaa juu zaidi, akiarifiwa na maunzi yenyewe kila mgeni anapogusa jambo zito. Mwanzoni faida ya kasi haikuwa kubwa. Mwaka 2006 wahandisi wawili wa VMware walionyesha kwamba tafsiri iliyofanywa vizuri mara nyingi iliushinda msaada ule wa kwanza wa maunzi. Mambo yaligeuka pale vichakataji vilipoanza pia kusimamia ramani ya kumbukumbu ya mgeni, AMD mwaka 2007 na Intel mwaka 2008.

Msaada huo ulifanya kazi iliyokuwa ya mabingwa wachache iwe nyepesi. Mwezi Oktoba 2006 Avi Kivity wa kampuni ya Qumranet alitangaza KVM, na kufikia Februari 2007 ilikuwa sehemu ya Linux, toleo la 2.6.20. Ilikuwa fupi kwa sababu iliiachia maunzi kazi ngumu. Kwa sababu hiyohiyo haikuwa na njia ya kutumia VT-x wala AMD-V pale zilipokosekana.

Maskini na kichakataji chake

Sasa tunaweza kulijibu swali la mkasa wetu. Intel haikuweka VT-x katika vichakataji vyake vyote. Iliitumia kama kigezo cha bei. Core 2 Duo E6300 ilikuwa nayo. Core 2 Duo E4500, Pentium Dual-Core E2160 na Atom N270 ya vipakatalishi vidogo hazikuwa nayo. AMD iliiweka kwa ukarimu zaidi. Jambo hilo halikuwasumbua watu wa mashambani pekee. Microsoft ilipotoa mwaka 2009 mpango wa kuendesha Windows XP ndani ya Windows 7, ilidai msaada wa maunzi. Kufikia Machi 2010 ililiondoa sharti hilo, maana tarakilishi nyingi hazikulitimiza.

Shule zetu hupokea tarakilishi za mitumba. Za bei nafuu ndizo zilizonyimwa uwezo huo. Ikawa hali ya ajabu: programu iliyo huria kabisa, KVM, ilihitaji maunzi ya wenye nacho, huku VMware Player, iliyotolewa bure mwishoni mwa 2005 na msimbo wake ukiwa umefungwa, ikitembea vizuri juu ya maunzi ya maskini kwa nguvu ya tafsiri. Anayewahimiza walimu watumie programu huria bila kutazama kichakataji kilichomo mezani mwao anafanana na anayemshauri mkulima achague gari bila kuiona barabara ya kwao wakati wa masika.

VirtualBox ndiyo iliyoziba pengo. Kampuni ya InnoTek ya Ujerumani iliufungua msimbo wake Januari 2007. Sun iliinunua kampuni hiyo mwaka 2008, na Oracle ikainunua Sun mwaka 2010. Ilikuwa na njia zote mbili: palipo na msaada wa maunzi iliutumia, pasipo na msaada ilimwendesha mgeni wa biti 32 kwa njia ya programu. Ndiyo sababu iliikubali Windows XP ya mzee juu ya kichakataji ambacho KVM ilikikataa. Hata hivyo, msomaji asisahau kwamba kifurushi chake cha nyongeza, kinachouzwa kwa leseni tofauti kwa makampuni, ni bure kwa matumizi ya binafsi na ya kielimu tu, na si huria. Ndani ya programu moja, bure na huria hukaa pamoja kama mapacha wasiofanana.

Siku mlango unapofungwa

Mkasa wetu una sehemu ya pili. Mwezi Desemba 2019, VirtualBox toleo la 6.1 liliondoa kabisa njia ya kutumia programu pekee na kudai VT-x au AMD-V. Mwaka uliofuata maabara ile ilipowekewa toleo jipya, mgeni aligoma kuamka. Mwalimu alinipigia simu. Dawa ilikuwa nyepesi: tulirudi kwenye toleo la zamani. Tuliweza kufanya hivyo bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu leseni yake inampa kila mwenye nakala haki ya kuitumia, kuinakili na kumpa mwenziwe milele. Waliounda programu waliamua kuendelea na safari, na walikuwa na haki hiyo. Sisi nasi tulikuwa na haki ya kubaki nyuma mpaka tuwe tayari.

Tulinganishe na yaliyotokea kwingine. VMware ilianza kutoa nyapara wake wa seva, ESXi, bila malipo mwaka 2008, na taasisi nyingi zikajenga juu yake. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023. Mwezi Februari 2024 toleo la bure liliondolewa. Mwezi Aprili 2025 lilirudishwa. Katikati ya matukio hayo, VMware Workstation Pro, iliyokuwa ikiuzwa, ilifanywa bure kwa matumizi binafsi Mei 2024 na kwa watu wote Novemba mwaka huohuo. Msomaji atatambua kwamba baadhi ya habari hizi ni njema. Kinachopaswa kumshtua ni kwamba zote, njema na mbaya, ziliamuliwa mahali ambapo mtumiaji hakuwa na kiti. Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Haki bila ujuzi, hata hivyo, ni haki ya karatasi. Tunao msimbo chanzo wa VirtualBox, lakini ni wangapi miongoni mwetu wangeweza kuirejesha njia ile iliyoondolewa? Uhuria hautufanyi wahandisi kwa usiku mmoja. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba siku akitokea kijana wa Kabianga mwenye ujuzi huo, hatazuiwa na leseni.

Mashauri kwa maabara za leo

Hali imebadilika tangu 2012. Tarakilishi za mitumba zinazoingia nchini sasa, nyingi zikiwa zimeachwa na ofisi baada ya Microsoft kukomesha huduma za Windows 10 mwezi Oktoba 2025, mara nyingi zina msaada wa maunzi. Hata hivyo yapo mambo ya kuzingatia.

Kwanza, chunguza kichakataji. Ndani ya Linux, tazama orodha ya sifa zake: alama ya vmx huonyesha Intel yenye uwezo, na svm huonyesha AMD. Ndani ya Windows, kidirisha cha msimamizi wa kazi, upande wa utendaji, hueleza kama uwezo umewashwa.

Pili, uwezo ukiwepo na programu bado ikakataa, ingia katika BIOS wakati tarakilishi inapowaka. Mara nyingi umezimwa huko tangu kiwandani, na wengi wametupa mashine nzima kwa kosa la swichi moja.

Tatu, pima kumbukumbu. Mwenyeji na mgeni wanakula chungu kimoja. Windows XP hutosheka na megabaiti 512, lakini mifumo ya sasa hudai gigabaiti kadhaa kila mmoja. Tarakilishi yenye gigabaiti 4 itamkaribisha mgeni mmoja mwepesi, na haitafaa kuongezewa wa pili.

Nne, kumbuka kwamba leseni ya nyapara si leseni ya mgeni. VirtualBox kuwa huria hakuhalalishi nakala ya Windows iliyoibwa ndani yake. Aidha, huduma ya kawaida ya viraka vya usalama vya Windows XP ilikoma Aprili 2014, hivyo mgeni wa aina hiyo asiunganishwe na mtandao.

Tano, nakili faili ya mgeni mara kwa mara na kuiweka mahali pengine. Katika nchi ya radi hili si la hiari. Na mgeni anapofunguka, mhamishie kazi yake katika mfumo ulio wazi. Mashine pepe ni hospitali ya data kongwe. Haifai kuwa makao yake ya kudumu.

Kuhusu istilahi

Mjadala huu hauwezi kufungwa bila kugusa lugha. Mwezi Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizindua Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wafasiri hawakuhitaji kumsubiri mwenye mali aone faida ya soko letu, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows, lakini huko kila neno lilipita kwa mwenyewe. Kwa mwanaleksikografia, basi, uhuria ni haki ya kutaja vitu kwa majina yetu.

Istilahi ya "mashine pepe" imeenea, nami nimeitumia. Ina dosari. Pepe ya barua pepe inaashiria wepesi wa kusafiri, ilhali mashine hii haisafiri. Imekaa ndani ya nyingine. "Mashine dhahania" nayo inapotosha, maana kazi inayofanywa ni halisi. Napendekeza wataalamu wafikirie "mashine mgeni" kwa inayokaribishwa, "mashine mwenyeji" kwa inayokaribisha, na "nyapara" kwa programu inayosimamia.  Maneno haya yamo kinywani mwa kila mtu kuanzia Kericho mjini hadi Silibwet, na yanaeleza uhusiano uliopo kwa usahihi.

Hitimisho

Tumeona kwamba programu ya bure na programu huria si kitu kimoja, na kwamba uhuria wa programu ulifungwa kwa muda mrefu na kitu kisicho programu, yaani kichakataji. Kati ya 2005 na 2008 maunzi yalirahisisha kazi, lakini yalichagua wa kumrahisishia. Leo kizingiti hicho kimeshuka, na kilichobaki ni lile swali la waandamanaji wa Kericho: chombo ni cha nani?

Orodha ya maneno ya mzee wetu sasa imo katika faili ya maandishi ya kawaida, inayosomeka na programu yoyote. Tuliihamisha kutoka kwa mgeni wake wa Windows XP kabla mwalimu hajastaafu. Wenzetu katika idara za Kiswahili wanazo kabati zenye diski na kanda ambazo hazijafunguliwa kwa miaka mingi. Waanze kuzifungua sasa, vichakataji vya kuzifungulia vikiwa vipo na programu huria za kuzisomea zikiwa zinapatikana.